Boma la Arusha na Vitu vya Kale Vilivyomo

Watu wengi wapitao Barabara ya Boma mjini Arusha huliona jengo kuukuu lenye kuta nene mwisho wa barabara, upande wa kaskazini, wasijue lina kazi gani. Wengine hudhani ni ofisi ya Serikali. Wengine husema ni nyumba ya kuwekea mawe na mifupa ya kuwafurahisha wageni watokao Ulaya na Amerika. Jengo hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, tawi la Makumbusho ya Taifa, nalo lilifunguliwa kwa kazi hiyo mwaka 1987. Makusudi ya habari hii ni kueleza mambo yanayofunzwa humo, na jinsi umri wa vitu vya kale ulivyopata kujulikana. Tena yataka kuonyesha kwa nini jambo hili lawahusu malaigwanani, washili, wenyeviti wa vijiji, walimu, na kila mkulima ashikaye jembe katika nchi hii.

Neno moja lishikwe tangu mwanzo. Kitu cha kale hakithaminiwi kwa sababu ya ukuukuu wake peke yake. Thamani yake ni habari kinayotuletea, na nusu ya habari hiyo haimo ndani ya kitu chenyewe, bali imo katika udongo kilimolala. Jiwe lililong'olewa mahali pake pasipo kuandikwa lilitoka wapi ni kama shahidi aliyefika barazani akiwa bubu. Ataonekana, lakini hatasema.

Boma lenyewe

Kitu cha kwanza cha kutazamwa ni kuta za Boma. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika nchi ya Meru. Baada ya hayo Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuja na askari wao pamoja na wapiganaji wa Kichaga, wakaipiga Meru na Arusha, wakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Kisha Boma likajengwa, likawa tayari mwaka 1900, na waliolijenga ni watu wa nchi walioshurutishwa kufanya kazi hiyo. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Arusha, na baada ya miaka mingi ya kazi za Serikali jengo likageuzwa kuwa makumbusho. Basi mtu agusaye ukuta wake agusa kazi ya babu zake, ingawa majina yao hayakuandikwa popote ukutani.

Ndani mna sehemu inayoeleza nyakati hizo za Wajerumani, na sehemu ya wadudu. Lakini sehemu ipendwayo kuliko zote ni ile ya asili ya binadamu, kwa sababu mengi yajulikanayo duniani juu ya jambo hilo yalitoka katika ardhi iliyo upande wa magharibi wa Mlima Meru, mwendo wa siku moja kwa gari.

Mawe yaliyochongwa

Mtu aonapo mara ya kwanza mawe ya kale yaliyopangwa kabatini, huenda akacheka na kusema, "Mawe kama haya hata shambani kwangu yapo." Huenda asema kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha kuyatambua.

Jiwe lililopasuliwa na jua au kusukwa na mto huvunjika ovyo ovyo. Lakini mtu apigapo jiwe gumu kwa jiwe jingine karibu na ukingo, hubanduka kipande chembamba chenye makali. Upande wa ndani wa kipande hicho, chini kidogo ya mahali palipopigwa, huwa na uvimbe kama mgongo wa kijiko, na katika jiwe lililobaki huwa na kishimo kinacholingana na uvimbe ule. Ukiona jiwe lenye vishimo vya namna hiyo vinavyofuatana ukingoni, kimoja baada ya kingine, tambua kuwa huenda ni kazi ya mkono wenye kukusudia.

Mawe ya kale sana ya Oldupai yalitengenezwa hivyo hivyo, kwa mapigo machache tu, nayo yana umri upatao miaka 1,800,000 na zaidi. Baadaye wakatokea waliochonga mawe pande zote mbili hata yakawa na umbo la jani au la tone la maji. Hayo huitwa mashoka ya mkono. Vipande vyembamba vilitumiwa kukatia nyama. Twajua hivyo kwa kuwa mifupa ya wanyama iliyokutwa pamoja navyo ina mikwaruzo ya makali, kama ionekanavyo leo juu ya mfupa uliotoka kwa mchinjaji.

Fuvu la Oldupai

Jina Oldupai ni la Kimasai, nalo ni jina la mmea unaofanana na katani uotao bondeni humo. Wageni walilisikia vibaya, wakaandika Olduvai, na kosa hilo likaenea katika vitabu.

Tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey alikuwa akitembea bondeni huku akitazama chini, na mumewe, Louis Leakey, alikuwa amelala hemani kwa homa. Mary akaona mfupa umetokeza mahali ambapo udongo ulikuwa umeondolewa, na karibu yake magego makubwa. Ndilo fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Neno Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Fuvu lilikuwa limevunjika vipande mamia, navyo vikaunganishwa kwa subira kama mtu aunganishaye chungu kilichoanguka. Fuvu lenyewe latunzwa Dar es Salaam katika Makumbusho ya Taifa. Mafuvu ya namna hii yanayoonyeshwa mahali pengine ni mifano iliyotengenezwa kwa kufuata umbo la lile la kwanza, ili la asili lisiharibike kwa kushikwashikwa.

Wasomaji watauliza, nani aliyeihesabu miaka? Jawabu limo katika milima yetu ya moto. Watu wa Meru wajua kuwa mlima wao ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na kuwa Oldoinyo Lengai haujazimika hata leo. Zamani sana milima ya Ngorongoro nayo ilitapika, na majivu yake yakaanguka Oldupai tabaka juu ya tabaka, kama karatasi katika daftari. Katika chembe za majivu hayo mna madini ya potasi, na sehemu ndogo sana ya potasi hugeuka polepole ikawa hewa iitwayo agoni. Moto wa mlima huifukuza hewa yote iliyokuwamo kwanza. Majivu yakiisha kupoa, hewa mpya huanza kukusanyika ndani ya chembe, nayo haina njia ya kutoka. Ni kama maji yadondokayo katika kibuyu tone kwa tone. Ukijua kiasi cha tone na wingi wa maji, wajua kibuyu kimekaa hapo muda gani. Kwa njia hiyo wataalamu wa California, Jack Evernden na Garniss Curtis, wakishirikiana na Leakey, walitangaza mwaka 1961 kuwa tabaka la fuvu lile lina umri wa miaka 1,750,000.

Angalia vema: kilichopimwa ni majivu, si fuvu. Kama fuvu lingaliokotwa na mtu akaenda nalo sokoni, na mahali pake pasijulikane, hakuna mtu duniani ambaye angaliweza kutaja umri wake kwa njia hiyo.

Mifupa iliyowakosesha wataalamu

Jambo hili lilikwisha kuonekana bondeni humo humo zamani za Wajerumani. Mwaka 1913 mtaalamu wao, Hans Reck, alikuta mifupa ya mtu mzima amekunjwa, ndani ya tabaka la kale lenye mifupa ya wanyama wasiokuwako tena duniani. Akatangaza kuwa mtu yule aliishi pamoja na wanyama wale. Fuvu likapelekwa Ujerumani, na mabishano yakaendelea yapata miaka 20. Mwaka 1931 Reck alirudi Oldupai pamoja na Louis Leakey, na Leakey naye akakubali maneno yake.

Baadaye udongo ulioshikamana na mifupa ulichunguzwa, ukakutwa na punje za mawe za tabaka za juu, ambazo hazikustahili kuwamo chini kule. Ndipo ikajulikana kuwa mtu yule alikufa zamani za karibu zaidi, na wenziwe wakamchimbia kaburi lililopenya hata kuingia katika tabaka la kale. Aliyelala kati ya wazee hakuwa mzee. Kilichoyakata mabishano hayo ni udongo mchache uliobaki juu ya mifupa. Kama mtu angaliiosha na kuing'arisha ipendeze, shauri hilo lingalikosa shahidi.

Nyayo za Laetoli

Kusini ya Oldupai pana mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1974 Maundu Muluila, mmoja wa wafanyakazi wa Mary Leakey, aliokota hapo taya ambayo baadaye ilitumika kuwa mfano mkuu wa jamii moja nzima ya viumbe wa kale. Miaka kumi kabla yake, karibu na Ziwa Natron, Kamoya Kimeu, mtu wa Kenya, aliona taya nyingine ya viumbe wa jamii ya Zinjanthropus. Mambo haya yafaa kukumbukwa na wanafunzi wetu, wasije wakadhani kuwa macho ya kuona vitu vya kale walipewa watu wa mbali peke yao.

Lakini sifa kubwa ya Laetoli ni nyayo. Zamani yapata miaka 3,660,000, majivu ya mlima wa moto yalianguka, mvua ikayalowesha, na viumbe wenye kutembea kwa miguu miwili wakapita juu yake. Majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Mwaka 1978 na 1979 nyayo hizo zilifunuliwa, kiasi cha 70, katika njia yenye urefu wa mita 27. Kisigino, upinde wa wayo na kidole gumba vyaonekana dhahiri, kama katika tope la kando ya mfereji. Hivyo ilijulikana kuwa mwendo wa miguu miwili ulitangulia kuchonga mawe, wala haukungoja ubongo uwe mkubwa.

Nyayo hazichukuliki katika sanduku. Kwa hiyo, baada ya kupimwa na kuchukuliwa mifano, zilifukiwa tena mwaka 1979. Baadaye migunga ikaota juu yake, na mizizi yake ikaanza kuzitishia. Katika miaka ya 1990 ikabidi zifunuliwe tena, mizizi iondolewe, na kufunikwa kwa ufundi zaidi. Kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walipochimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa nyumba ya makumbusho, walikuta nyayo nyingine, na habari zake zikachapishwa mwaka 2016. Kama wajenzi wangalianza kumwaga zege bila kuchunguza kwanza, nyayo hizo zingalipotea chini ya jengo lililokusudiwa kuzitukuza.

Engaruka, mashamba ya mawe

Wako wasemao kuwa mambo ya miaka milioni ni ya mbali mno. Basi na tutazame jambo lililo karibu. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Mto wa Mbu, yapo mabaki ya Engaruka. Hapo palikuwa na vijiji vilivyojengwa juu ya matuta ya mawe, na mbele yake mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe na kunyweshwa kwa mifereji iliyotoka katika mito ya ukutani. Eneo lake lakadiriwa kuwa kiasi cha hektari 2,000. Watu wake waliishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 18, na mtama wao ulioungua ulikutwa katika machimbo. Kisha wakaondoka.

Mkulima wa Meru au wa Arusha anayejua zamu ya maji na ugomvi wa mifereji aweza kuisoma Engaruka kuliko mgeni yeyote. Ataona mahali maji yalipogawanywa, na mahali udongo ulipozuiwa usichukuliwe na mvua. Lakini Engaruka haiwezi kuhamishiwa kabatini, kwa kuwa elimu yake ni mpango wa mawe yenyewe. Mtu akitwaa mawe kumi ya mfereji ajengee zizi, hakuiba mali ya kuuzika, lakini amefuta mstari mmoja wa maandiko ambao hauwezi kuandikwa tena.

Neno lililoandikwa juu ya fuvu

Si vitu vyote vya kale ni vya watu wasio na majina. Mwaka 1900 Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli wa Moshi na wakuu wengine pamoja naye, na katika miaka hiyo mafuvu ya watu wengi wa nchi zetu yalipelekwa Berlin. Yakakaa huko katika makabati zaidi ya miaka 100. Mwezi wa Septemba 2023, watunzaji wa makumbusho ya Berlin walitangaza kuwa wamelinganisha chembe za urithi zilizomo katika baadhi ya mafuvu hayo na zile za watu walio hai Tanzania, wakapata jamaa zao. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", nalo likalingana na ukoo wa mshauri mmoja wa Mangi Meli.

Hapa twaona tena nguvu ya neno lililoandikwa. Waliomfanyia mtu yule jeuri waliandika neno moja tu, na neno hilo, pamoja na habari za mahali alipotoka, likawaongoza jamaa zake. Wengine ambao habari zao hazikuandikwa, au ziliandikwa kidogo mno, wangali wakingoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, mtu je?

Yatupasayo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Hairuhusu mtu kuvichimbua pasipo kibali, wala kuvipeleka nje ya nchi pasipo ruhusa. Naye avigunduaye apaswa kutoa habari. Lakini sheria haina macho shambani. Macho ni ya wenyeji. Kwa hiyo maneno haya yafuatayo yafaa kusomwa katika mikutano ya vijiji na katika shule:

1. Ukilima, ukichimba msingi, choo au mfereji, ukakuta mfupa uliogeuka jiwe, mawe yaliyochongwa, vigae vya vyungu au kaburi la zamani, simama kwanza. Usivute kitu kilichonasa udongoni, wala usikioshe.

2. Tia alama mahali pale, kisha umpe habari mwenyekiti wa kijiji, naye aipeleke kwa mkuu wa wilaya au makumbusho ya Boma.

3. Kama mvua au mifugo yakiharibu mbele ya macho yako, mwalimu aliye karibu aitwe apige picha kwa simu, achore mahali penyewe, apime kina kwa kamba, na kuandika tarehe, jina la shamba na jina la aliyeona. Daftari hilo litunzwe pamoja na kitu.

4. Asikubaliwe mtu ajaye kununua vitu vya kale kwa siri. Fedha atakayotoa huliwa kwa wiki moja, na habari iliyopotea hairudi.

5. Wako pia wachimbao chini ya miti na kando ya mawe yenye alama wakitafuta mali waliyoizika Wajerumani. Wengi hawapati kitu, na katika kutafuta huvunja makaburi na kuta za kale. Wazee wawakataze.

6. Walimu wawapeleke watoto Bomani, na kabla ya kwenda wawape maswali ya kuuliza, si kuwapitisha tu mbele ya makabati. Swali la kwanza liwe hili: kitu hiki kilitoka wapi, nani alikiona, na chini ya udongo gani?

Wageni wametoka mbali kuja kuisoma ardhi hii, nao wametufundisha mengi. Lakini mgeni hukaa mwezi mmoja akaondoka, na mvua hufunua na kufukia kila mwaka. Mwenye kuwapo siku mvua inapofunua ni mchungaji, mkulima, au mtoto aendaye kuteka maji. Akijua kusimama, na akijua wa kumpa habari, mengi yaliyobaki ardhini yataweza kusema. Asipojua, yataishia katika ukuta wa zizi au katika mfuko wa mchuuzi, na wajukuu wetu watakapotuuliza habari zake hatutakuwa na cha kuwajibu.